Jicho la Mlangoni: Hotuba juu ya Kamera za Ulinzi Majumbani



Ndugu Waislamu wa Dzaleka na wa Lilongwe, maneno ya leo ni juu ya chombo kidogo, kisichozidi kikombe cha kahawa kwa ukubwa, ambacho kimekwisha kuingia katika nyumba nyingi kabla wenye nyumba hawajakaa kuifikiri adabu yake. Chombo hicho ni kamera ya ulinzi. Zamani ilikuwa mali ya mabenki na ya maduka makubwa. Siku hizi huuzwa Lilongwe pamoja na chaja na balbu, na kijana ajuaye simu ya mkononi huweza kuifunga asubuhi, ikawa inafanya kazi kabla ya adhana ya adhuhuri.

Watu wakisikia jina lake hudhani kazi yake ni moja, nayo ni kumkamata mwizi. Kwa hakika hiyo ndiyo kazi yake iliyo chache. Mwizi huja mara moja kwa mwaka, pengine asije kabisa. Lakini mtoto hurudi chuoni kila siku, chungu huwekwa motoni kila siku, na mzee huamka usiku kila siku akitafuta maji ya kunywa. Mwenye kununua kamera kwa sababu ya mwizi peke yake ni kama mtu anunuaye taa kwa ajili ya usiku wa harusi.

Na tutazame nyumba moja miongoni mwa nyumba zilivyo. Mama huondoka alfajiri kwenda sokoni Dzaleka kuuza nyanya na usipa. Baba ana shughuli Lilongwe, mwendo wa kilomita 40 na kitu, na hurudi jua likiwa limekwisha kutua. Watoto hutoka skuli mchana, hula kiporo, kisha huenda kusoma Kurani. Kamera moja iliyofungwa juu ya mlango wa mbele humpelekea mama alama katika simu yake kila mlango unapopitiwa. Hana haja ya kumwacha mteja akakimbia nyumbani. Hutupa jicho mara moja, akajua kuwa mkubwa kaingia na mfuko wake, na mdogo yungali njiani akicheza mpira wa matambara. Hapo ndipo atakapojua pia kama yule binti aliyeachiwa nyumba amewapa chakula, au ameketi barazani akizungumza na simu.

Bibi kizee aliyebaki nyumbani peke yake ana haki kubwa zaidi ya kutazamwa. Kamera nyingi za leo zina kipaza sauti na kinasa sauti, hata mtoto aliye mbali huweza kumwuliza mamake kama amekwisha kumeza dawa, naye akajibu kwa kinywa chake asihangaike na vidude vya simu. Akianguka ukumbini, haikai saa sita kabla ya mtu kujua. Illa bibi mwenyewe apewe habari kabla ya siku ya kwanza, maana sauti itokayo ukutani bila ya mwili si jambo dogo kwa mtu wa umri wake.

Wakati wa mavuno, mahindi yakianikwa juu ya mikeka, mtu aliye kisimani huweza kuona mbuzi wa jirani amefika, au wingu limetanda, akarudi mbio. Bamba la sola lililo juu ya paa, ambalo pengine limegharimu akiba ya mwaka mzima, huonekana kama lipo. Baiskeli ya mtu wa kabaza iliyoegemezwa uani huonekana. Jikoni, kamera humwonyesha mama kama chungu kimeachwa juu ya makaa, au kama mtoto anatambaa kuelekea motoni. Lakini hapa iko hatari moja isiyoonekana: hewa ya sumu itokayo katika makaa ndani ya chumba kilichofungwa haina rangi wala harufu, na kamera haiwezi kuiona asilani. Dawa yake ni dirisha lililo wazi, na jiko lililotolewa nje kabla ya kulala.

Hata kunyamaza kwa kamera kuna habari ndani yake. Mtu aliye kazini akiitafuta nyumba yake katika simu asiipate, aghalabu umeme umekatika, naye hujua kwamba nyama iliyo katika friji yapasa kupikwa jioni ile. Watu wa Malawi hawahitaji kufunzwa maana ya giza. Mwezi wa Januari 2022 mafuriko ya Tufani Ana yalikivunja kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na megawati zipatazo 130 zikapotea kwa pigo moja, nchi ikakaa muda mrefu ikigawana umeme kwa zamu. Basi mwenye kamera na aweke betri kando yake. Kamera ya kawaida hula wati 5 au chini ya hapo, kiasi ambacho betri ndogo ya sola huweza kukibeba usiku kucha. Mwizi ajuaye kazi yake huja wakati wa giza, wala hasubiri ESCOM irudishe.

Juu ya namna ya kuifunga yako mambo machache ambayo wauzaji hawayasemi. Usiku kamera huona kwa miali ya taa ambayo jicho la binadamu haliioni. Picha zake huwa nyeusi na nyeupe, na mbali ya hatua chache mtu hugeuka kivuli. Buibui hupenda kutanda mbele ya kioo chake, na uzi mmoja ukimulikwa huonekana mnene kama kamba na kuzuia kila kitu, kwa hiyo kifutwe kwa kitambaa kila juma. Akiifunga juu sana, mtu ataona kofia na mitandio, asione nyuso. Irikodiyo mchana na usiku bila ya kupumzika huweza kujaza gigabaiti 10 hata 20 kwa siku, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa siku 3 hadi 6, kisha hufuta za kale na kuandika mpya juu yake. Kwa mwenye kununua bando la Airtel au la TNM kwa shida, yatosha kamera iandike katika kadi yake yenyewe, na ipeleke simuni zile picha tu za wakati kitu kinapotikisika.

Wala haifai mwenye nyumba wa Lilongwe kumfukuza mlonda wake kwa kuwa amenunua kamera. Kamera haipigi kelele ikasikiwa na mtaa, haikimbizi mtu, wala haizimi moto. Wako waliofunga kamera ili wamwone mlonda akisinzia saa tisa ya usiku. Lau wangelitazama picha za jioni ile ile wangeliona pia kwamba hakuna aliyemletea chakula.

Asili ya chombo hiki ina mafunzo. Katika mji wa New York, mtaa wa Jamaica, Queens, alikuwako mwuguzi mmoja, mwanamke Mweusi, jina lake Marie Van Brittan Brown. Kazi yake ilimfanya awe nyumbani peke yake saa za ajabu, na mumewe alikuwa fundi wa umeme ambaye naye hakuwapo kila usiku. Uhalifu ulikuwa mwingi, na askari polisi walichelewa kufika. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hati ya uvumbuzi wao, nao wakapewa tarehe 2 Desemba 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne, moja juu ya jingine, kwa watu warefu na wafupi. Kamera ilipanda na kushuka nyuma ya matundu hayo. Picha ilionekana chumbani. Na bibi aliweza kuzungumza na aliye nje, kisha akamfungulia kwa kubonyeza kidude, au akaita msaada. Chombo chao chahesabiwa kuwa mama wa kamera zote za nyumbani.

Na tuangalie bibi huyo alitaka nini. Hakutaka kuchungulia katika nyumba ya mtu. Alitaka kujua ni nani anayebisha kabla ya kufungua. Kwa maneno mengine, kamera ya nyumbani ilizaliwa iwe chombo cha kujibu hodi.

Hodi ni neno ambalo watu wa Dzaleka na wenyeji wao hawakuhitaji kufundishana. Mswahili husema hodi, Mchewa husema odi, na wote wawili husimama nje mpaka waitikiwe. Katika Sura ya Nuru Waislamu wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe. Na katika hadithi iliyo sahihi, mtu mmoja alichungulia katika tundu la nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye Mtume akamkemea kwa ukali, akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Kwa hiyo mguu ukisimama nje ya kizingiti na jicho likaingia, mtu huyo amekwisha kuingia. Jicho la kioo, lililofungwa kwa misumari na kuachwa wazi mchana na usiku, limo katika hukumu hiyo.

Yaanze ya ndani ya nyumba. Sura iyo hiyo ya Nuru, katika aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watumishi na watoto wa nyumbani wasiobaleghe hawaingii kwa wakubwa bila ya idhini: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao wakipumzika, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo amewekewa mpaka, kamera inayopeleka picha nje ya nyumba yastahili mpaka mkubwa zaidi. Chumba cha kulala, bafu na choo haviingii kamera hata kidogo. Ukumbini ikiwako, na igeuzwe ukutani katika nyakati hizo tatu, au izimwe. Mke asirikodiwe kwa siri na mumewe akisafiri. Hiyo ni tajasusi, na tajasusi imekatazwa katika Sura ya Hujurati. Mtumishi wa nyumbani aambiwe siku ya kwanza kazini kamera ziko wapi, na aonyeshwe pahali ambapo hazipo, apate pa kubadilisha nguo zake. Mgeni wa kike akija, aambiwe kabla ya kuvua mtandio wake.

Liko swali jingine ambalo wengi hawajaliuliza: ni nani mwingine anayetazama? Kamera nyingi hazipeleki picha moja kwa moja kutoka mlangoni hadi simuni. Picha hupitia katika mashine za kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, mojawapo ya kampuni kubwa za kamera hizi, ikidai kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa amekaa miezi akitazama maelfu ya picha za wanawake, zilizotoka katika kamera za vyumba vya kulala na bafu zao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Wanawake wale walikuwa wamefunga milango yao na kuteremsha mapazia.

Kisha liko neno la siri. Kamera hutoka kiwandani na neno lijulikanalo na kila mtu, na wengi hawalibadilishi. Mwaka 2016 wahalifu walizitawala kamera na mitambo mingine ya majumbani, mamia ya maelfu, kwa kuijaribu tu orodha fupi ya maneno hayo ya kiwandani, wakaitumia kuziba njia za intaneti huko Marekani. Na mwaka uo huo kampuni moja ya simu nchini Liberia ilipigwa kwa silaha ya namna hiyo hiyo. Wenye kamera hizo walikuwa wamelala. Basi neno la siri libadilishwe siku ile ile ya kufunga, na liwe refu. Na fundi aliyefunga asibaki nalo. Kamera iliyonunuliwa kuukuu ifutwe kumbukumbu zote kwanza, maana pengine mwenyewe wa zamani yungali na mlango wake wa kuingilia.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote ni picha inapokwisha kutoka nyumbani. Mtu ameibiwa kuku, ameitazama kamera, amemwona kijana akipita uani saa kumi na moja ya alfajiri. Anaichukua sura ile, anaiandikia "mwizi huyu hapa", anaipeleka katika makundi ya WhatsApp. Baada ya nusu saa imefika kwa watu elfu. Kijana pengine alikuwa akienda msikitini kwa njia ya mkato. Kamera imesema kwamba amepita. Haikusema kwamba ameiba. Neno hilo la pili limetiwa na mwenye kuku.

Malawi yajua shaka inavyoua. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulipoenea katika wilaya za kusini, Mulanje na Phalombe, watu waliuawa na makundi kwa kudhaniwa tu, na haikuwako hata picha moja. Sasa wakipewa picha itakuwaje? Na kwa watu wa Dzaleka jambo hili lina mwiba wa pili. Wako miongoni mwao waliokimbia Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia au Ethiopia kwa sababu wako wanaowatafuta mpaka leo. Uso wa mtu wa namna hiyo ukitupwa katika intaneti, pamoja na jina la pahali alipo, umekabidhiwa kwa yeyote. Mwenye picha ya wizi na aipeleke polisi, au kwa wazee wa mtaa wakiwa faraghani, asiitie maneno, asiikate, aihifadhi pamoja na tarehe na saa yake. Kwanza ahakikishe kwamba saa ya kamera imewekwa sawa, kwani nyingi huwa na saa ya kiwandani, na ushahidi wa saa saba za usiku uliorikodiwa saa saba za mchana umekwisha kumponza asiye na hatia. Serikali ya Malawi nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2024, na kuikabidhi MACRA usimamizi wake. Kwa hiyo habari na sura za mtu si tena jambo lisilo na mwenyewe.

Imebaki haki ya jirani, nayo ndiyo ngumu kwa jinsi nyumba zilivyo. Katika mitaa ya Lilongwe yenye viwanja vipana kila nyumba ina ukuta, na kamera ikielekezwa langoni huona lango. Lakini Kawale, au Mchesi, au Biwi, mlango hutazama mlango. Na Dzaleka ni zaidi ya hapo. Pahali hapa palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Palikusudiwa watu kiasi cha 10,000 hadi 12,000, na leo wamepita 50,000. Tangu Serikali ilipoamuru mwezi wa Machi 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na amri ikatekelezwa kuanzia Mei, watu wamezidi kubanana. Kati ya ua na ua hupita mtu mmoja kwa ubavu. Kamera ya nyumba moja huona choo cha nyumba ya pili, kamba ya nguo ya nyumba ya tatu, na mama wa nyumba ya nne akimnyonyesha mwanawe barazani. Palipokuwa na walinzi wa gereza wakiwatazama watu, haipendezi watu wenyewe waanze kutazamana.

Ulaya walikwisha kupelekana mahakamani kwa jambo hili. Katika nchi ya Cheki mtu mmoja alivunjiwa madirisha mara kwa mara, akafunga kamera chini ya paa, ikawanasa watuhumiwa wawili. Mmoja wao alishitaki kwamba amerikodiwa akiwa njiani. Mwezi wa Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayorikodi njia ya watu wote haihesabiwi kuwa jambo la ndani ya nyumba, na mwenyewe yuko chini ya sheria, ijapokuwa haki yake ya kulinda mali na jamaa zake nayo hutiwa katika mizani. Hukumu hiyo haina nguvu Malawi, lakini akili yake ni nyepesi kufahamika: ukuta ni wa mtu, njia si yake.

Mambo haya hayahitaji mahakama yakiwahiwa. Siku ya kufunga kamera, kabla skrubu ya mwisho haijakazwa, mwenye nyumba na amwite jirani wa kulia na jirani wa kushoto, na wake zao wawepo, awape simu mkononi waione picha kama yeye aionavyo. Jirani akikuta kizingiti chake kimo ndani, aseme. Na fundi, angali juu ya ngazi, aigeuze kamera kidogo kidogo, huku mke wa jirani akiishika ile simu na kusema bado, bado, mpaka mlango wake utoke katika kioo.